Daredevil yupi ndiye mwenyewe? Kila mwandishi akija ananiletea mtu mwingine

kijana_wa_ipuli

Wakuu habari za usiku, poleni na majukumu. Nina swali linanisumbua wiki ya pili sasa na huku mtaani kwetu hakuna wa kumuuliza, nikimuuliza mtu ananiangalia kama nimechanganyikiwa.

Komiki nimeziingia juzi juzi tu kupitia ile tamthilia ya 2015 ya Daredevil, yule wakili kipofu Matt Murdock, mchana yuko mahakamani usiku anavaa nyekundu na vipembe anashughulika na wahuni wa Hell's Kitchen pale New York. Nikaipenda, nikasema ngoja nisome vitabu vyenyewe. Binamu yangu ni mgonjwa wa hivi vitu akaniachia tableti yake imejaa, ila hajapanga chochote, basi nikafungua tu nilichokutana nacho. Cha kwanza kikawa cha Chip Zdarsky cha 2019. Jamaa anawapiga wezi, mmoja wao anakufa, kuanzia hapo ni kujichukia, kusali, maswali na Mungu, mpaka na mimi nikawa nalala vibaya. Nikamaliza nikafungua cha Mark Waid cha 2011. Wakuu! Huyo huyo Matt Murdock, toleo la kwanza kabisa, anaingia kwenye harusi ya watu wa mafia, anapambana na adui mmoja ana madoadoa meusi mwili mzima, halafu anambusu bibi harusi na kujiondokea zake anacheka. Mbele kidogo yuko kwenye sherehe ya Krismasi kavaa sweta jekundu limeandikwa kabisa kwamba yeye SIYO Daredevil.

Sasa naomba kuuliza, huyu ni mtu mmoja kweli? Marvel, wenye kampuni ya hivi vitabu, wanamruhusu kila mwandishi anayekuja afanye anavyojisikia au kuna mtu ameshika usukani? Na kati ya hawa Daredevil wa kweli ni yupi, maana nataka nijue nimshike yupi. Nawasilisha.

chumvi_ya_uvinza

Kocha mpya huyo mkuu 😂 kikosi kile kile, wa kwanza alikuwa anapaki basi, huyu kaja anataka washambulie.

Mzee wa Kava

Kijana karibu sana. Chumvi anatania ila hayuko mbali, tofauti ni moja tu, kocha mpya anaanza msimu na sifuri kama wenzake. Kwa Daredevil hakuna kuanza na sifuri, mwandishi anarithi na madeni. Nitaandika ndefu mnivumilie, nipo zamu ya usiku na leo kumepoa.

Kwanza hilo neno "wa kweli" liweke pembeni. Waliomwanzisha ni Stan Lee na mchoraji Bill Everett mwaka 1964, na huyo wa 1964 alikuwa anavaa NJANO. Nyekundu imekuja toleo la 7 kwa mkono wa Wally Wood. Alikuwa mtu wa kuruka magorofa na kupiga porojo. 1967 Lee akamfanya amdanganye rafiki yake Foggy na katibu wao Karen kwamba ana ndugu pacha anaitwa Mike, halafu akawa anavaa nguo za kisharobaro na kuongea kwa mbwembwe anajifanya ndiye huyo Mike, na wale wakaamini! Kwa hiyo mtu akiniambia Waid kamharibu kwa kumfanya acheke namwambia Waid karudi kwa mwenye mali. Aliyembadilisha ni Frank Miller.

Miller kaingia 1979 kama mchoraji tu, kitabu kilikuwa kinatoka kila baada ya miezi miwili maana wanunuzi walikuwa wa kutafuta kwa tochi. 1981 wakampa na kalamu. Sasa angalia kijana, hakufuta kitu. Alimchukua Kingpin, ambaye toka 1967 alikuwa adui wa Spider-Man, lile jitu la upara na suti nyeupe, akaliweka mbele ya wakili. Ukishaweka bosi wa uhalifu ambaye hashikiki kisheria mbele ya mtu aliyeapa kuitetea sheria, stori inajiandika yenyewe, maana huyu mchana anasimama kwa jaji na usiku anavunja watu mbavu, atajitetea vipi hata kwa nafsi yake? Akaleta Elektra, mpenzi wa chuoni aliyegeuka muuaji wa kukodiwa, akamuua 1982. Akarudi 1986 na mchoraji David Mazzucchelli, hapo Matt akapokonywa kila kitu, nyumba, leseni ya uwakili, mpaka akili ikayumba, na akaokotwa na mtawa ambaye ni mama yake mzazi. Yule wa Stan Lee tulichojua ni kwamba baba yake alikuwa bondia aliyeuawa kwa sababu alikataa kuuza pambano, mambo ya Ukatoliki hata huyaoni. Leo hii mwambie shabiki kwamba Daredevil siyo Mkatoliki uone.

Tatizo Miller alipatia kupita kiasi. Waliofuata wengi wakawa wanapika chakula chake kwa chumvi nyingi zaidi, na aliyejaribu tofauti akajaribu vibaya, 1993 walimvalisha madeli, eti mavazi ya kivita ya kumkinga mwili mzima kama roboti, tuipite hiyo.

Raha yenyewe inaanza 2001. Brian Michael Bendis na mchoraji Alex Maleev. Bendis akafanya siri ya Matt iuzwe kwa gazeti la udaku, likaandika ukurasa wa mbele kipofu huyu ndiye Daredevil. Ukisoma komiki nyingi unajua ikifika hapo kutatokea mchawi au mtu atabadili sura, toleo la tatu mambo yamesahaulika. Bendis akakomaa. Matt akakana mbele ya waandishi wa habari, akalishitaki gazeti, yaani wakili anashitaki gazeti kwa kosa la kuandika ukweli! Miaka minne anaishi na huo uongo. Katikati akampiga Kingpin na kujitangaza yeye ndiye mwenye mtaa. Mwisho wakamtia ndani, na 2006 Bendis akaaga akaondoka. Akamwacha mtu JELA.

Ed Brubaker akapokea, toleo lake la kwanza Matt yuko selo. Angeweza kumtoa kwa ukurasa mmoja. Hakumtoa, akaandika matoleo sita ya humo humo gerezani, Punisher, yule anayewaua wahalifu kwa bunduki, anajipeleka mwenyewe polisi ili tu aingie, na kwangu mimi ndiyo kipande kitamu kuliko vyote. Brubaker naye kuondoka 2009, toleo la 500, akamwachia Andy Diggle msalaba wake, Matt amekuwa kiongozi wa The Hand, lile genge la ninja alilopigana nalo toka enzi za Miller. Diggle 2010 akaupeleka mwisho kabisa, Matt kajenga ngome katikati ya Hell's Kitchen, pepo limemwingia, anamuua Bullseye, mlenga shabaha aliyekuwa adui yake wa siku nyingi.

Haya, wewe ndiye Waid, 2011 unakabidhiwa mtu huyo. Giza gani utaongeza? Limeisha stoo. Waid akamfanya Matt aamue kucheka. Neno ni aamue. Rudia kusoma kijana, Foggy toka mwanzo hakiamini kile kicheko, anamwangalia rafiki yake kama unavyomwangalia mtu aliyetoka msibani jana leo anacheza muziki. Halafu nenda toleo la 10 la mfululizo wa 2014, Matt yuko kitandani hawezi hata kuinuka, ndipo utaelewa ulikuwa unasoma nini muda wote. Huyo wa harusini na huyo wa Zdarsky asiyelala ni mtu mmoja, ila umewakuta siku tofauti.

Karis wa Umoja

Niaje wasee. Mzee ameongea fiti lakini anawapamba hawa watu sana. Hii kitu ni biashara. Angalia namba, Marvel walianza tena na namba 1 mwaka wa 2011, wakarudia 2014, wakarudia 2015, 2019, 2022, 2023. Na 2014 na 2022 mwandishi hata hakubadilika, ni yule yule, wameandika tu namba moja kubwa kwa kava juu inauza. Msitwambie ati ni sanaa ya kurithishana.

Na kama wanarithi madeni mbona Charles Soule alifuta? Waid amechukua miaka akijenga, mwisho Matt anakubali kortini mbele ya dunia yote kwamba ni yeye. Mimi nilisimama kwa matatu nikisoma hiyo, karibu nipitwe na stage. 2015 Soule anaingia na ghafla hakuna mtu anakumbuka, ati watoto wa Purple Man, yule adui anatawala akili za watu, walitumia nguvu zao wakafuta kumbukumbu za dunia nzima. Hiyo si deni, hiyo ni kubadilisha laini ya simu ndio usidaiwe.

chumvi_ya_uvinza

Kubadilisha laini 😂😂😂 Karis umeua.

wakili_mtoro

Karis hapo kwa Soule naweka pingamizi.

Mimi kazi yangu ni hii hii ya joho, sina nguvu zozote ila nina mafaili. Wengi wanasoma Daredevil kwa ajili ya ngumi, mimi nasoma kwa ajili ya mahakama, na ukiangalia upande huo mwandishi mpya anajulikana haraka sana. Bendis alituachia wakili ambaye dunia yote inahisi ni Daredevil. Brubaker hakuhangaika sana na hilo kikazi. Waid ndiye aliyekaa akajiuliza kama mwanasheria, huyu mtu atasimamaje kortini? Kila akisimama upande wa pili unasema mheshimiwa jaji huyu si ndiye yule wa vipembe, kesi inageuka kuwa yake. Kwa hiyo Matt na Foggy wakaanza kuwafundisha wateja wajitetee wenyewe, wao wanakaa nyuma. Nilicheka sana kwa sababu ni suluhisho la mtu anayejua taratibu.

Halafu hilo la 2014, alipokiri kizimbani. Kukiri maana yake alikuwa akidanganya miaka yote, New York wakamfuta uwakili, yeye na Foggy. Sasa atakula nini? Hapa ndipo nampa Waid heshima. Mwaka 1972 waandishi wa wakati ule walimhamishia Matt San Francisco akaishi na Black Widow, yule shujaa wa kike aliyekuwa jasusi, kipindi ambacho mashabiki wengi wanakisoma kwa haraka wakifunika uso. Waid akaenda kukikuta kimekaa kama gari bovu nyuma ya nyumba, akachomoa spea: mtu aliyefanya kazi California ana leseni ya California. Basi Matt huyo San Francisco, kihalali kabisa. Miaka arobaini na mbili baadaye kitu kilichokuwa aibu kikawa ndicho kinachomlisha.

Sasa Soule. Yeye mwenyewe ni mwanasheria, amefanya kazi hiyo. Njia ya kusahaulisha dunia ni ya mkato, nakubali, sina utetezi, na mimi nilikasirika. Lakini angalia alichonunua kwa hiyo njia. Akamgeuza Matt kuwa mwendesha mashtaka, yuko upande wa serikali, na 2017 akaandika kesi ya kama shujaa anaweza kutoa ushahidi akiwa amevaa kinyago bila kutaja jina, kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani na Matt akaenda kuitetea mwenyewe. Ngumi kidogo, hoja nyingi, niliisoma mara mbili. Na wewe kijana uliyeanza na Zdarsky, utakapofika pale Daredevil anashitakiwa kwa kifo cha yule mwizi na anafungwa akiwa na kinyago chake usoni kama Daredevil tu, jiulize bila ile kesi ya Soule ungekubali kirahisi hivyo? Mimi nisingekubali. Umeya wa Kingpin pia Zdarsky kaukuta mezani, kauacha Soule.

Karis wa Umoja

Sawa wakili, hiyo ya kesi nakupea. Ya kusahau sikupei.

bint_pangani

Mmeongea toka jana majina ya wanaume watupu. Ann Nocenti mmemweka wapi? Mwanamke aliyekaa kwenye hiki kitabu kuanzia 1986 mpaka 1991 na Mzee wa Kava kamruka kama dimbwi la maji, kasema tu waliofuata wakapika chakula cha Miller.

Na nina la kusema kuhusu huyo Miller wenu. Elektra anauawa. Karen anamuuza Matt kwa sindano moja ya dawa za kulevya. 1999 Kevin Smith akamrudisha Karen ili Bullseye amuue. Mwandishi mpya akitaka tujue Matt ana uchungu anatafuta mwanamke wa kuua, hiyo nayo ni mali ya kurithiana, mbona hamuihesabu kwenye madeni?

Nocenti kaingia mara tu baada ya Miller, nafasi mbaya kuliko zote, ni kama kupanda jukwaani baada ya Bi Kidude. Hakumwiga. Karen hakumfukuza wala kumuua, alimpa kazi, yeye na Matt wakafungua kituo cha msaada wa sheria bure kwa watu wa mtaa. Kuna mtoto anapofuka kwa taka za sumu za kiwanda na Foggy, yule yule rafiki kipenzi, anajikuta ndiye wakili wa kampuni. Hapo supahiro atampiga nani? Halafu 1988 na John Romita Jr. wakaleta Typhoid Mary, mwanamke mmoja ndani yake wawili, Mary mpole ambaye Matt anampenda na Typhoid anayelipwa na Kingpin ammalize. Mimi nilivyomsoma niliona ni kama anawacheka, nyie mnataka mwanamke awe malaika au awe shetani, haya chukueni wote wawili kwenye mwili mmoja muone mtafanya nini. Matt hakuweza. Akavunjika, akaondoka mjini kabisa akawa anazurura vijijini, kumbuka huyu ni mtu wa Hell's Kitchen miaka yote, akaishia kukutana na Mephisto mwenyewe, yaani shetani wa Marvel. Kuna sehemu zinachosha, anahubiri mno, siwadanganyi. Lakini yeye aliuliza kama zile ngumi zenyewe zinamsaidia mtu yeyote pale mtaani, na swali hilo Zdarsky kalirudia 2019 watu wakashangilia kama jipya.

Mzee wa Kava

Dada nimekosa, nakiri bila kulazimishwa. Nocenti nilimsoma utotoni vitabu vya mtumba vilivyochanika katikati na nilikuwa nachukia hakuna mapigano ya kutosha. Nimerudi ukubwani nimeona kumbe mtoto ndiye alikuwa na tatizo. Na la wanawake kuuawa huna wa kukupinga hapa.

Karis na wewe kuhusu biashara nakubali nusu. Namba moja ni ya kuuza, kweli. Ila biashara ndiyo iliyomwachia Miller nafasi, kitabu kilikuwa hakiuzi ndiyo maana kijana wa miaka ishirini na kitu akaachiwa afanye anachotaka. Kitabu kinachouza sana nani atakubali ukichezee? Hiyo ndiyo bahati ya Daredevil, hajawahi kuwa Spider-Man. Sisi tuliokua na gazeti la Sani tunajua, wachoraji walikuwa wanapokezana na Lodi Lofa akabaki Lodi Lofa, mkono ukibadilika unaujua kwa namna alivyochora miguu tu.

kijana_wa_ipuli

Wakuu mmenifumbua macho, asanteni sana, dada wa Pangani na wewe. Baada ya kuwasoma nimeacha kuruka ruka, nimeanza na Bendis nakuja mbele. Jana nimefika anapolishitaki gazeti nikawa naongea mwenyewe kama chizi, nikamwambia kaka nyamaza, usilishitaki, watakuuliza maswali chini ya kiapo! Tableti ikazima, umeme umekatika mtaa mzima toka saa mbili.

Lakini Zdarsky bado nampenda, msinichape. Nilianza naye. Halafu nina kaswali kadogo. Kwenye Zdarsky yuko jamaa anaitwa Mike Murdock anafanana na Matt kila kitu, nikadhani ni yule pacha wa uongo wa 1967 aliyemsema Mzee. Sasa kama alikuwa uongo huyu ni nani?

Mzee wa Kava

Ndiye. Soule huyo huyo anayesemwa na Karis, 2018 alimleta mtu mwenye uwezo wa kugeuza alichosoma kikawa kweli, na uongo wa Matt ukatoka ukiwa na miguu na mikono, na kumbukumbu za maisha ambayo hakuishi.

chumvi_ya_uvinza

Ngoja kwanza nielewe mimi mtu wa mpira. Huyo pacha yupo au hayupo?

wakili_mtoro

1967 hakuwepo. 2018 akawepo. 2022 akauawa na Kingpin kwa mikono yake.

chumvi_ya_uvinza

Kosa lake?

wakili_mtoro

Kingpin alidhani anamuua Matt.

Karis wa Umoja

Basi hilo deni Foggy ndiye alikuwa anadai toka 1967 na limelipwa na mtu mwingine 😂 wacha nirudi nisome Soule, lakini ile ya kusahau bado sitaki kuisikia.